Vitabu Vilivyoacha Kuja

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini mapema. Chai, maandazi, kufuta vumbi kwenye vitabu vya hukumu. Kabati zima, nililorithi kwa bosi wangu, marehemu sasa. Wachapishaji walishaacha kuchapa. Kila kitu kiko mtandaoni. Wananisumbua nijiunge. Sitaki. Kitabu hakiniombi neno la siri.

Alhamisi ni Mahakama Kuu, rufaa ya Mama Apolonia wa Kibosho. Mjane. Baraza la ardhi lilimpa ushindi shemeji yake, Sirili, anayetaka kumtoa kwenye kihamba: shamba la ukoo, kahawa, migomba na kaburi la mumewe. Tukishindwa hana pa kwenda. Hoja yangu nzima imesimama juu ya uamuzi mmoja wa zamani. Nimeufungua leo. Pembezoni peupe. Bosi alinizoesha hivyo: kikija kitabu kipya, unarudi kwenye vya zamani na kuandika kwa penseli kando ya kila uamuzi uliotenguliwa. Pakiwa peupe, uamuzi uko hai. Nimetulia.

Jumanne, 4 Machi
Simu ya Shabani, wakili wa Sirili, mwenye ofisi kule Majengo. Sauti kavu, amefunga Ramadhani. "Dada Fortunata, ule uamuzi wako ulishatenguliwa. Ingia mtandaoni uangalie kabla hujasimama mbele ya jaji."

Nilimjibu vibaya. Nilidhani ni janja ya kunitia kiwewe. Kisha nikaangalia.

Kweli. Ulitenguliwa baada ya kitabu changu cha mwisho kuchapwa. Hakuna kitabu kipya, hakuna penseli. Pembezoni pangebaki peupe mpaka nife. Aibu. Hofu zaidi. Mama wa watu ataondolewa kwa sababu ya ubishi wangu.

Shabani angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

Jumatano, 5 Machi
Majivu, misa ya asubuhi. Kisha tovuti ya hukumu, ile ya bure. Umeme ukakatika, nikahamia kwenye simu. Unabonyeza uamuzi mmoja, unakupeleka kwenye mwingine ulioutaja, na mwingine tena. Kazi iliyokuwa ikinichukua wiki nzima kabatini. Nimeipenda na imeniudhi kuipenda.

Mchana nikaupata. Hukumu ya mwaka jana. Mjane hapati kihamba kwa ujane peke yake, ila akithibitisha jasho lake, hatolewi. Na mashahidi wetu walishayasema hayo barazani: Mama Apolonia ndiye aliyeng'oa mibuni iliyokufa akapanda mipya, ndiye aliyezibua mfereji mume akiwa hoi kitandani. Nimelia pale pale mezani. Nimemtumia Shabani nakala. Ni haki yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nilianza kwa kumwambia jaji kwamba uamuzi nilioutegemea umetenguliwa, nauacha. Kisha nikaweka ule mpya. Shabani aliupinga kwa nguvu zote, ndiyo kazi yake. Tulipotoka nikamwambia asante. Akacheka. "Kukushinda nataka sana, dada. Ila si kwa sheria iliyokufa."

Hukumu tarehe 28. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 28 Machi
Tumeshinda. Anabaki.

Mama Apolonia hakupiga kigelegele. Alikaa kwenye benchi la nje, akavua viatu, akasema, "Aika, mwanangu." Asante ya kwetu, basi. Jioni nimempelekea Shabani tende za kufuturu. Kashindwa na bado kanikaribisha uji. Namshukuru Mungu, namshukuru Shabani, naushukuru hata huo mtandao.

Jumanne, 8 Aprili
Nimepanda Kibosho. Mvua, tope tupu. Nimekula kiburu, ndizi na maharage, nikashiba kupita kiasi.

Hukumu imeshawekwa mtandaoni. Nikamwonyesha Mama Apolonia kwenye simu, jina lake pale juu, la Sirili chini yake. Akauliza kama yeyote anaweza kuisoma. Nikasema ndiyo, popote alipo. Akaishika simu mwenyewe.

"Na pale walipoandika kwamba tumepatana, ni wapi?"

Ndipo akanieleza. Juzi Jumapili Sirili alikuja na isale mkononi, lile jani ambalo kwetu ukiletewa, huwezi kukataa kusamehe. Walikaa pamoja kaburini mpaka mvua ikawafukuza.

Nikamweleza kwamba hukumu ikishasomwa haiongezwi kitu. Hakuridhika. Hata mimi.

Basi naandika hapa. Jumapili, tarehe 6 Aprili, Sirili alileta isale, na Mama Apolonia akalipokea.