Futi Kumi na Tano

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lako limepoa tangu uteleze kwenye ngazi za sauna yetu ya kuogea mvuke. Bibi Lempi naye anaendeleaje? Mwambie ile mikate yake ya iliki ilifika, tukaila bwenini hadi makombo. Huku theluji imefika madirishani na ziwa limeganda mpaka kwenye mnara wa taa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniambia, "Basi, Kaisu, basi," nami ningenyamaza.

Najua umesoma gazetini habari za Britta, mwenzangu wa chumbani na wa timu, yule aliyekuja kwetu kiangazi akakushinda kuvua samaki. Naomba unisikilize mimi sasa.

Unakumbuka msimu uliopita wa hoki ya barafuni nilifunga mabao saba timu yetu ikicheza pungufu, mmoja wetu akiwa amefungiwa kibandani kwa adhabu. Uwanja wetu ulikuwa na upana wa futi mia. Wapinzani watano walitawanyika kutushambulia, pasi zao zikawa ndefu, nami nikivizia katikati, nikikiiba kwa gongo langu kile kisahani cha mpira na kutimka nacho. Britta ndiye aliyenibatiza jina la Kicheche, mwizi wa kuku.

Kiangazi kocha wetu mpya, Bi. Renaud, akaomba kuta zisogezwe ndani futi kumi na tano, tuzoee vipimo vya viwanja vya wenzetu. Tangu Oktoba sikufunga tena hata bao moja la namna ile. Kila mtu alisema uwanja umenibana, nami niliitikia. Britta alikuwa akinicheka mbele ya timu nzima: "Kicheche amefungiwa bandani na kuku, na bado analala njaa!" Kocha hakucheka. Alinionya kwamba tukiwa pungufu nikipige kisahani mbali, hadi mwisho wa uwanja, kisha nirudi kulinda. "Huku hakuna nafasi ya ushujaa, binti," alisema.

Jumamosi iliyopita tulikuwa nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika tatu, na tuko wanne dhidi ya watano. Pasi yao ikapita karibu, nikainasa. Ningekipiga mbali, Baba, kama nilivyoagizwa. Lakini nilisikia mashabiki wakisimama, nikaona barafu tupu mbele yangu, nikatimka. Beki wao akanifuata kwa kulia. Nikakata kushoto kwa nguvu zangu zote, na bega langu likamkuta mtu. Alikuwa Britta, aliyekuja mbio kunisaidia. Aligonga ukuta kwa kichwa. Kisahani kilibaki pale pale kwenye barafu, na hakuna aliyekigusa.

Madaktari wanasema uti wa mgongo umeumia shingoni. Mikono yake inasogea kidogo. Miguu haisogei.

Tangu siku ile wote wanasema ni zile futi kumi na tano. Baba yake Britta, mzee Ostlund, alimfokea kocha kwenye korido ya hospitali: "Umewafungia watoto wetu kwenye sanduku!" Kocha aliinamisha kichwa. Jumatatu chuo kinaketi kuamua kama atafukuzwa. Wenzangu wameandika barua ya kumshitaki, wakaniletea niitie sahihi. Nilishika kalamu. Nikairudisha bila kutia sahihi.

Baba, kosa si la ukuta. Ile siku ya Agosti tulipopasua kuni, kibanzi kikaniruka jichoni, ukataka kunipeleka kwa daktari nami nikakwambia ni vumbi tu, nilikudanganya. Jicho langu la kushoto halioni. Linaona mwanga na ukungu, basi. Siku ya kupimwa hapa chuoni nilizikariri zile herufi za ukutani nikiwa kwenye foleni. Niliogopa kuambiwa nivue viatu vya barafu moja kwa moja. Kwenye ule upana wa zamani labda ningeendelea kujificha. Hapa pembamba watu wananitokea ghafla, kama wanaota kutoka kwenye barafu.

Jana nilikwenda nikamwambia Britta kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitazama dari. Kisha akaniuliza, "Sauti yangu je, uliisikia? Nilikuita mara tatu." Nikamwambia niliisikia, nikadhani yuko mbali. Akasema, "Toka, Kaisu." Hakuniita Kicheche. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za hospitali hadi miguu ikafa ganzi, na mama yake akanipita akanifunika koti lake kwa sababu bado hajui.

Jumatatu saa nne asubuhi nitayasema haya mbele yao wote, na mzee Ostlund atakuwepo. Sijui nitaishije baada ya hapo. Sili, na kila nikifumba macho naisikia ile sauti ya ukuta. Njoo, Baba. Usije kunitetea wala kumwomba mtu yeyote anisamehe. Njoo ukae tu mahali ambapo nitakuona, upande wangu wa kulia.

Msalimie Mama, umsomee barua hii taratibu. Msalimie Bibi Lempi, ila mwambie naumwa tu, mpaka nije nimweleze mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Kaisu