Ngozi Yako Haikuambukiza

Dada Manka,

Shikamoo. Unakumbuka asubuhi ile kule Machame, ulipotoka zizini na ndoo ya maziwa, mteja wetu mmoja akaviona viwiko vyako? Vilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe. Akafunika kidumu chake. "Leo nitachukua kwingine," akasema. Kesho yake wateja watatu hawakuja. Nilikuwa kidato cha pili, nikaona aibu kuliko wewe. Nikakuambia, "Dada, acha kukamua. Utatuambukiza na sisi." Ulinawa mikono, ukanipa ndoo. Mwezi haukuisha ukahamia Mwanza kwa mjomba, na hujarudi hata Krismasi moja.

Sasa nasomea maabara hapa Moshi, nimepanga chumba mtaa wa Pasua. Wiki iliyopita tulifundishwa seli T saidizi, chembe za kinga zinazoziamuru chembe nyingine. Huzaliwa ndani ya mifupa, kisha huenda kukomaa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko hupimwa, na zile zinazotaka kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Lakini chache hupenya. Baadaye huelekezwa ziwe za aina gani, na ipo aina ambayo ikikosea hukaa kwenye ngozi, ikiita msaada bila kukoma kana kwamba kuna adui. Ngozi huwaka, huvimba, huota haraka kupita kiasi. Mwalimu akaonyesha picha ya kiwiko. Nilidhani ni chako.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ugonjwa huu unaambukiza?"

"Soriasisi? Hapana. Hata ukimkumbatia mgonjwa kila siku."

Jumamosi nikapanda nyumbani Machame nikamweleza mama. Alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini. "Kwa hiyo mwanangu aliondoka bure?" Nikakiokota kisu, nikaendelea kumenya. "Mwandikie wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Hapa mjini kuna kliniki ya ngozi. Dawa za kuzituliza chembe hizo zipo, ingawa haziufuti ugonjwa kabisa. Ukija nitakusindikiza.

Jambo moja bado linanisumbua. Tumezaliwa tumbo moja, tukala chungu kimoja. Kwa nini chembe zako zikosee na zangu zitulie? Mwalimu anasema sehemu ni urithi, sehemu ni mambo yanayotupata maishani, na sehemu bado inatafutwa. Nitaendelea kuuliza. Ila msamaha wako nauomba leo, kabla sijajua.

Ni mimi, mdogo wako.