Wanataka Tuziache Simu za Zamani, na Dada Yangu Anayo Moja

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana nimebanwa pande zote na wa kumwambia simpati, mume wangu nikimgusia anacheka, anasema tangu nianze kazi hii ya kompyuta yeye ana mwenza ndani ya nyumba, na mwenza mwenyewe hata kufagia hajui.

Mimi natengeneza programu za simu. Dada yangu mkubwa haoni, maradhi yalimchukua macho tukiwa wasichana, na kazi yake ni kupokea simu hospitalini, yule unayemsikia akikwambia subiri nakuunganisha. Nilimtengenezea programu ya kumsomea kwa sauti maandishi ya kwenye simu yake, kwa sababu zilizokuwepo zilitamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, na nilipoona inamfaa nikaiweka mtandaoni iwe huria, yaani yeyote aichukue bure, aifungue aone ilivyo ndani, airekebishe, na marekebisho yakiwa mazuri tunayaingiza yawafae wote. Tulianza wawili, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye, tunamwita Kobe kwa sababu hakurupuki hata nyumba ikiungua, na sasa kuna watu chungu nzima wanajitolea ambao sura zao sizijui, na wasioona wa kila mahali wanaitumia, na nilifurahi Shangazi, nilifurahi mpaka nikalia, sikujua kwamba mtoto akikua nguo hazimwenei tena.

Shida ni mashine. Kila marekebisho yanapoletwa lazima kompyuta yenye nguvu iiunde programu upya na kuijaribu kwenye kila aina ya simu, mpya na za zamani, isije ikanyamaza mkononi mwa mtu asiyeona akiwa katikati ya barabara. Sisi kompyuta hiyo hatuna, kuna kampuni inatuazima zake bure, lakini kwa muda maalumu kila siku, ukiisha umeisha, ngojeni kesho. Zamani muda ule ulitutosha na kubaki. Sasa ni foleni juu ya foleni, mtu amerekebisha neno moja tu lililotamkwa vibaya, anasubiri wiki nzima. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye alikuwa akitufaa kuliko wote, aliandika mbele ya kila mtu: "Nimepanga foleni benki, nimepanga foleni hospitali. Foleni ya kutoa msaada siiwezi. Kwaherini." Akaondoka kweli.

Hapo wenzake wakaja juu. Wakasema simu za zamani ndizo zinazokula nusu ya muda, ziondolewe, anayezitumia anunue nyingine. Tukafanya kikao mtandaoni, karibu wote wakakubali. Kobe peke yake alikataa, akasema simu za zamani zijaribiwe mara moja tu, pale tunapotaka kutoa toleo jipya, si kwa kila marekebisho, wakamwambia anataka kutuchelewesha kwa mwendo wake wa kobe, wakacheka, na mimi nikanyamaza. Kisha akaniuliza palepale, "Na dada yako je?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Simu ya dada ni hiyohiyo ya zamani, yenye vitufe, vidole vyake vinaijua. Tulimpa ya kioo akairudisha, alisema ni sawa na kupapasa sahani. Haya yote hayajui. Juzi nilikuwa kwake, akanishika mkono akaniuliza, "Mbona umekuwa mkimya, umegombana na mumeo?" nikamwambia ni uchovu tu. Uamuzi wa mwisho uko kwangu na wananisubiri, wengine wameshatishia kuondoka, nikiwakubalia namnyamazishia dada yangu simu, nikikataa nabaki na programu isiyo na watu, nayo itakufa, na dada atakosa vilevile. Nifanye nini?

Niliyebanwa Katikati

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kompyuta mimi hata kuiwasha naitiwa mtu, lakini vikundi nimeviongoza, na hilo lililokupata nalijua: watu wameongezeka, vyombo ni vilevile. Hujakosea kukua. Uliloanzisha kwa mapenzi limewafikia usiowajua, na hilo ni jambo la kujivunia, kwa hiyo futa machozi.

Sasa nikugombeze kidogo. Kobe alikupa njia. Wewe mwenyewe umeniandikia, tena katikati ya sentensi, ukaipita kama mtu anayeruka dimbwi. Wenzako walicheka mwendo wake badala ya kusikiliza maneno yake, na wewe unayemjua kuliko wote ukaacha wamcheke. Hapo ulimkosea rafiki.

La pili ni dada yako. Kabla ya kujibu nilikupigia, ukanikubalia nizungumze naye, na nakushukuru. Nilimweleza yote. Akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Shangazi, anadhani nitavunjika? Macho yaliondoka na sikuvunjika. Programu niliyo nayo inanitosha, toleo jipya likichelewa sina ugomvi, mabadiliko yenyewe hunichanganya vidole. Kinachoniuma ni kujadiliwa kwenye kikao ambacho sikuitwa."

Umesikia? Wewe ulikuwa unamwonea huruma huku umemfungia mlango. Huruma ya namna hiyo inachoma, mwanangu, hata kama imetoka moyoni.

Basi fanya hivi. Mpigie Kobe leo, usimwandikie, mpigie, umwombe radhi, kisha urudie radhi hiyo mbele ya wale waliomcheka. Wazo lake lijaribuni kwa miezi michache, mtaona foleni inapungua au haipungui; isipopungua, mtakaa tena. Wale walioko kwenye kampuni inayowaazima mashine waelezeni wazi nani anategemea kazi hii, huenda wakawaongezea muda, maana mpaka sasa wanachokiona ni tarakimu tu. Mwalimu wa hesabu mwandikie asante bila kumbembeleza. Akitaka kurudi, njia anaijua. Anayetishia kuondoka ili apate anachotaka, mwache aende kwa amani. Na huo uamuzi wa mwisho usiubebe peke yako, ugawe na Kobe na mmoja wa wale wanaoitumia programu kila siku, mgongo ni mmoja.

Kisha itisha kikao kingine, na safari hii mwalike dada yako. Usimtambulishe kwa ugonjwa wake. Taja jina lake na kazi yake, mpe nafasi ya kwanza ya kuzungumza, halafu zima kipaza sauti chako umsikilize mpaka amalize.