Mlango wa Kabati Umerudi, Bwana Zamani

Leo mwaka umetimia, baba watoto, tangu ulipotutoka, na bado tunatafuta vitu ulivyoviweka "mahali salama".

Wanao walikaa kikao kuhusu tangazo hili la kumbukumbu yako. Binti yetu, muuguzi, alikuwa ameanza vizuri tu: "Ulikuwa nguzo ya familia." Mdogo wake akamwambia, "Dada, baba angeikata hiyo kwa kalamu nyekundu." Ni kweli, ungeikata. Basi wakanisukumia daftari mimi mkeo, wakasema mama ndiye mwenye hasira za kutosha.

Miaka thelathini ulikuwa karani wa masjala. Mtu akitaja jalada la enzi za mkurugenzi wa kwanza, ulinyoosha mkono bila kutazama, nalo likaja. Wazee waliofuatilia mambo yao uliwapa kiti chako, ukafanya kazi umesimama. Wenzako walitusimulia hayo msibani, nasi tukatazamana, kwa sababu mganga hajigangi. Hapa nyumbani miwani yako tuliikuta kwenye jokofu, mara mbili.

Saa kumi wenzako walirudi makwao. Wewe ulirudi karne tatu nyuma, kwenye riwaya zako. Uliingia na viatu, begi bado begani, ukaniuliza, "Hivi farasi wangapi wanaweza kupita hapa mlangoni kwa pamoja?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo mama watoto. Wangapi?"

Mtaani walikuita Bwana Zamani, nawe ulifurahi kana kwamba umepewa cheo. Ulipenda mashujaa, na kila shujaa wako ilibidi tumwigize sisi, maana hukuandika jambo ambalo hujaliona likitendeka. Kaka yangu, fundi cherehani, mtu wa kukaa na sindano yake kwa amani, ulimpandisha ngazi ukutani awe jeshi linalovamia boma, ukamwangusha mara nne. Jirani akaja kuuliza kama tumeingiliwa na wezi. Makochi yalikuwa ngome kwa miezi miwili, wageni wakakaa kwenye ndoo. Binti yako alipokwambia, "Baba, mtu aliyechomwa mkuki wa kifua hatoi hotuba ya kurasa mbili," ulinuna siku tatu. Kisha ukaipunguza hotuba ikawa ukurasa mmoja na nusu.

Lakini kila askari wa kawaida ulimpa jina, na jina la mama yake, hata kama atakufa kwenye sentensi hiyohiyo. "Naye ana kwao," ulisema. Nilikupenda kwa hilo. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule nilikuwa nimekasirika.

Na nilikuwa na haki. Riwaya tano, na sikuona mke hata mmoja anayeulizwa chochote. Mashujaa wako waliondoka alfajiri, wakashinda, wakafa vizuri. Nikakuuliza, "Hawa wote, nani anawafulia?"

"Historia haisemi, mama watoto."

"Basi iulize."

Halafu kuna mlango. Ilikuwa mwanzo wa riwaya ya sita, ile ya Jemadari. Nilitoka sokoni nikakuta kabati la jikoni liko wazi, na wewe uko uani umejifunga mlango wake mkononi kwa mkanda wangu wa gauni. Pembe zote nne ulikuwa umezikata kwa msumeno zikawa mviringo. Ukaniambia ngao ya Jemadari ilikuwa na uzito huo hasa, nibebe nione. Nikakuuliza vikombe vyangu vitajifunika na nini. "Nitaurudisha kesho," ukasema. Kesho hiyo ilichukua miaka minne. Nilikukumbusha kwenye chai, nikakukumbusha kwenye harusi za watu. Sikujua kama ulinisikia.

Tulipomaliza msiba, alikuja mhariri wako, yule mama mpole, kuulizia sura ya mwisho. Wiki ile ya mwisho ulimpigia simu ukamwambia imekwisha, iko mezani. Mezani palikuwa na kalamu tatu na ganda la chungwa. Mswada ulikoma Jemadari akiwa kilimani, vita vimekwisha, anatazama nyumba yake kwa mbali. Tukatafuta chini ya godoro. Wenzako wa masjala wakafungua majalada kabati kwa kabati. Wanasema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Sisi tulichoka na hatukupata.

Wachapishaji walivumilia, kisha wakatuandikia. Sura isipopatikana hadi siku hii ya leo, watampa mwandishi mwingine aimalizie riwaya yako. Hodari, walisema. Nikawajibu hapana. Mhariri akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, tufanye nini?" Nilikuja chumbani kwako nikaigombeza meza. Miaka minne ulituburuza nyuma ya huyo Jemadari wako, halafu mtu baki ndiye amfikishe nyumbani.

Na sasa nikiri, maana wanao wamekataa kulitoa tangazo bila hili. Miaka ishirini na sita tulikuwa na utaratibu: karatasi za upande wa ukuta ni za mhariri, za upande wa dirisha umezikataa, mimi nazitandika kwenye rafu za jikoni. Hatukuwahi kukosea. Wiki ile ukaigeuza meza, ili uketi ukitazama nje kama Jemadari pale kilimani. Fungu la mhariri likahamia upande wa dirisha. Hukuniambia. Nami nikachukua za dirishani kama kawaida, nikazilaza maandishi chini, nikapanga vikombe juu yake. Siku mbili baadaye moyo wako ukasimama. Mwaka mzima waliokuja kutupa pole wamenyweshwa chai kwa vikombe vilivyotoka juu ya sura yako ya mwisho, kwenye kabati lisilo na mlango, mbele ya macho ya kila mtu.

Wiki tatu zilizopita kijana wetu, fundi umeme, alikuja kutengeneza soketi ya jikoni. Akaondoa vikombe ili asivivunje. Karatasi moja ikaja na kikombe, imegandia.

"Mama," akasema, "hebu njoo usome hapa. Polepole."

Kurasa kumi na moja, zina alama za duara za vikombe. Jemadari anafika nyumbani. Hakuna ngoma wala baragumu. Mkewe anaanua nguo, na haachi kuanua. Anaitazama ile ngao iliyozuia mishale ya vita kumi na viwili, anamwambia, "Huo ni mlango wa ghala langu." Na yule mtu ambaye hakumwinamia mfalme yeyote katika kurasa mia nne anainama. Anauliza, "Misumari iko wapi?" Mkewe anamjibu, "Pale ulipoiacha." Kitabu kinaishia hapo.

Nilikaa sakafuni jikoni nikalia, kisha nikakasirika upya. Kumbe ulinisikia siku zote. Mtu mzima, umekula nami mlo baada ya mlo, ungeniambia tu kwa mdomo.

Kijana wako aliposoma habari ya misumari, akaenda moja kwa moja kwenye droo ya chini kabisa ya meza yako, ulimoweka vyuma vyako. Palikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake bawaba mbili na skrubu nane. Juu uliandika kwa ule mwandiko wako wa masjala: "Jalada: Mlango wa mama watoto. Hali: Linashughulikiwa."

Mhariri amezipokea kurasa zote. Riwaya yako imeisha kwa mkono wako, wala hakuna mtu mwingine atakayeigusa.

Mlango tuliukuta nyuma ya kabati la vitabu. Kijana wako ameurudisha mahali pake kwa skrubu zako zilezile. Haufungi vizuri. Pembe ulizozikata zimeacha matundu manne, na vumbi linaingia kama zamani. Seremala wa jirani alisema atanitengenezea mwingine siku hiyohiyo. Nilimwambia asiuguse.

Unakumbukwa na binti yako, ambaye hadi leo anasema hotuba ile ni ndefu. Na kijana wako, aliyekushughulikia jalada. Na shemeji yako fundi cherehani, aliyekufa mara nne ukutani kwa ajili yako. Na wenzako wa masjala, na mhariri wako. Na mimi mkeo, ambaye nimeulizwa hatimaye.

Hatuna namna ya kukusahau, baba watoto. Katika nyumba hii, kila anayetaka kikombe anaanza kwa kuufungua mlango wako.