Mlango Uliogandana na Fremu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo? Mgongo umepona, au bado unapanda ngazi na ndoo ya rangi kama kijana? Mama watoto naye hajambo? Sisi huku wazima, ila goti linanisumbua kila nikiinuka kwenye cherehani.

Nimekupigia simu tangu juzi, hupokei. Basi barua hii nampa dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako. Ukiikunja bila kuisoma nitajua, maana nakujua.

Binti yako alinipigia jana. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia, "Shangazi, Jumamosi nikitokea mlango wa jikoni nampoteza mume, nikitokea wa mbele nampoteza baba." Ndipo nikachukua kalamu.

Nasikia mama wa bwana harusi amesema hawaji kupokea mke penye masufuria kama watu waliokuja kuiba. Nawe umeapa kwamba asiyetokea jikoni haozwi, kwa kuwa ndiyo mila yetu tangu enzi za mababu. Mababu gani, ndugu yangu? Mila hiyo mimi nimeizidi umri.

Siku ya harusi yangu wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Baba aliupaka rangi mlango wa mbele siku moja kabla ili ung'ae, kisha akaufunga rangi ikiwa mbichi kwa kuhofia vumbi. Wewe fundi rangi, unajua kilichotokea. Kulipokucha mlango umegandana na fremu, wageni wako nje, baba wadogo wanasukuma, mimi nimesimama na shela natokwa jasho. Baba, fundi mzima, angekufa kwa aibu. Akakohoa, akatangaza kwa uso mkavu: "Kwetu binti hutokea jikoni, kwa mama yake." Watu wakaitikia, wengine machozi yakawalengalenga.

Mwaka uliofuata jirani mwenye bucha akamtoa bintiye jikoni. Halafu mtaa mzima. Wewe ukahama na mila hiyo, na huko mkaongeza beseni la maji na kufagia kizingiti. Juzi amekuja mpangaji mpya kutoka huko kwenu, akanieleza kwa upole kwamba mimi nilitolewa vibaya, bila beseni. Nilicheka peke yangu hadi jioni. Leo sicheki.

Sikuambii uitupe. Watu wameipenda, na lile neno la baba kuhusu mama lilikuwa zuri kuliko mlango wenyewe. Lakini baba aliitunga ili harusi isivunjike, nawe unaitumia kuvunja harusi. Inaniuma, tena naogopa, kwa sababu binti huyo amerithi ukaidi wako. Akiondoka Jumamosi bila baraka zako, hatarudi kuzifuata.

Rangi ile ilikauka zamani. Fungua mlango.

Nisalimie mama watoto, wale pacha, na yule fundi mwenzako asiyevua kofia. Mwambie bibi harusi shela namshonea mwenyewe na naileta Ijumaa. Nitagonga mlango wa mbele. Mungu akulainishe moyo na akulindie nyumba.

Dada yako akupendaye,
aliyetokea jikoni.