Kelele za Baba Fatuma

Kwako mume wangu, Baba Fatuma,

Leo nimecheka peke yangu jikoni nilipoikumbuka sauti yako. Enzi zile, uhuru ungali mchanga, mtaa wetu mzima hapa Lamu ulijua umeamka kabla hujafungua mlango. Patasi ikipotea, kelele. Chai ikipoa, kelele. Mkono hukuniinulia hata siku moja, lakini masikio yalichoka, nikafunga nguo zangu nikaenda kwetu Ndau.

Ulinifuata mwezi wa Shaabani. Fundi mzima wa milango, ukakaa mkekani mbele ya mama, ukasema polepole, "Mama, kelele nimeziacha."

"Mchukue mkeo," mama akakujibu. "Ramadhani nitakuja kufunga kwenu, nione."

Nilirudi, lakini moyo niliuacha Ndau. Nikikuona umeinama kimya kutafuta patasi, nilijiambia, anajifanya huyu. Ukinywa chai iliyopoa, nilisema, hatafika mbali huyu. Jirani yetu Bi Khadija alinipa na msemo wake: "Mtu habadiliki, hupumzika."

Ndipo siku moja ya Ramadhani, mama yupo, punda akaingia uani akala mikate yote ya futari. Ulinguruma hadi Bi Khadija akachungulia dirishani, uso umemchangamka.

"Ndiye yule yule," akasema.

Nami nikaingia ndani kufunga nguo. Mama akanifuata.

"Tangu Shaabani amepiga kelele mara ngapi?"

"Leo."

"Na zamani?"

Nguo niliyokuwa naikunja nikaiweka chini.

"Basi siku zote alizonyamaza, hukuziona, mwanangu?"

Nilikuwa nimeziona, ila sikuzihesabu. Nilipotoka, ulikuwa umechuchumaa ukiokota makombo.

"Nimegombana na punda, Mama Fatuma," ukasema. "Wewe sina ugomvi nawe."

Tulifuturu kwa tende na maji, na mama alicheka mpaka akapaliwa.

Jana niliwahadithia wajukuu zako habari za sauti yako. Yule mdogo wa watoto wa Fatuma akaninunia. "Bibi, unamsingizia babu. Babu hata paka alikuwa hamfukuzi."

Nilitaka kubisha. Kisha nikawaza kwamba hawa walikukuta mpole, na mwingine hawamjui. Mimi ilinichukua miaka kukuona walivyokuona wao siku ya kwanza.

Nikawaambia, "Huenda nimemchanganya na mtu mwingine."

Pumzika kwa raha, mume wangu. Kila swala nakutaja.

Ni mimi mkeo,
Mama Fatuma