Dorkasi wa Kinanda, Mtoto wa Msalato

Mwaka mmoja umetimia sasa tangu ututoke, Dorkasi, mama Hana. Mvua zilikuja, uwele ukaota, ukavunwa, na hapa nyumbani bado tunapunguza sauti tukipita penye mlango wako, kama vile umelala.

Uliwapenda watu, wewe. Ulirudi kutoka Ulaya na sanduku moja, na zaidi ya nusu ya vilivyokuwemo ni vya wengine: sindano za dada yako Ruthu, blanketi la mama yako Zipora, sabuni ya Mwanaharusi, mke wa Seleman mwenye duka, aliyekuazima kanga za safari. Chako kilikuwa gauni jeusi la kupigia kinanda, basi.

Kinanda ulijifunza ukiwa msichana, kwenye misheni ya Kongwa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Halafu mke wa fundi mkuu wa reli akakusikia, akakufundisha kile kikubwa cha nyuzi, akakuvusha bahari. Ukapiga Hamburg, ukapiga Berlin, na wakati wa kurudi ukapiga Unguja mbele ya Waingereza. Watu walilipa kuingia. Ulitusimulia jinsi bwana mmoja wa Berlin alivyokusugua mkono kwa leso aone kama rangi itatoka, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mumeo Matonya hakucheka. Alisema hao ndio wanaotutawala.

Uliporudi hakutaka ushike mchi. Alitwanga yeye, akasaga yeye, ili vidole vyako visiharibike. Wanaume wenzake walikuwa wakipita wanamuuliza, "Matonya, mlenda wa leo umeuungaje?" Naye anawajibu, waje waonje. Wewe ulimnyang'anya mchi, ukamwambia vidole hivyo vimekulia kwenye kutwanga na havijafa.

Jambo moja tu ulilitaka: mama yako akusikie. Kabla ya ubatizo alikuwa mpigaji ngoma ambaye watu walimfuata kutoka mbali, na ulisema mkono wako wa kushoto ni wake yeye.

Ndipo hoteli ya stesheni ikaletewa kinanda kwa garimoshi, na Bwana Mkubwa wa boma akaagiza ukipige Jumapili alasiri. Ndani wangeingia Wazungu tu. Hilo tulilijua, tukasema haidhuru, madirisha yapo. Mama yako akatembea kutoka Msalato na kibuyu chake cha maziwa. Tukakaa ng'ambo ya njia, ukoo mzima, na watu wa mjini pia. Mara Bwana Mkubwa akaamuru madirisha yafungwe, eti vumbi litaharibu kinanda. Siku hiyo hata jani halikutikisika, kila mtu aliona.

Ukatoka mlangoni na gauni lako jeusi. Ukamwambia askari, mbele ya watu wote:

"Yakifungwa, sipigi."

Askari hakukujibu wewe. Alimtazama mumeo, na kiboko kilikuwa mkononi. Mumeo aliuwaza mgongo wake, akauwaza na wako, akamwaza mtoto. Akainuka.

"Mama Hana, piga tu. Tutasikia hivyo hivyo."

Ulimtazama. Ukaingia.

Hatukusikia. Ukuta ule ni wa mawe. Kilichotufikia ni makofi, kisha kimya kirefu, kisha makofi tena. Ulipotoka, mama yako alikushika mikono yote miwili, akakuuliza, "Mwanangu, umeshapiga?"

"Nimepiga, mama."

Hukumlaumu mumeo, si siku ile wala baadaye. Ungemlaumu, ingekuwa afadhali.

Haukupita mwezi homa ikakukamata. Daktari wa boma alikuwa na Wazungu wake, akaja ukiwa umeshafunikwa. Bwana Mkubwa naye alituma salamu, kwamba nchi imepoteza mpiga kinanda mzuri. Yule hakupoteza kitu. Yule alisikia.

Sasa amehamishwa, amerudi kwao, na pengine jioni akinywa anaukumbuka wimbo wako. Sisi ndugu zako tunazo zile nyimbo za kanisani, tunashukuru. Zile ulizozivukia bahari wanazo wao. Lakini aliyekuambia upige hakuwa Bwana Mkubwa. Alikuwa mumeo, na kinywa chake kilikuwa chepesi.

Juzi Hana alikuwa anamsaidia baba yake kusaga. Akamuuliza mama alipiga wimbo gani siku ile hotelini. Matonya akasema ulikuwa wimbo mzuri.

"Haya, niimbie, baba."

Akaacha jiwe. Akafungua kinywa, na mtoto akakaa vizuri kumsikiliza. Hakuwa na la kuimba.

Unakumbukwa na mumeo Matonya, binti yako Hana, mama yako Zipora, dada yako Ruthu, na Mwanaharusi na Seleman wa mjini, waliokaa nasi ng'ambo ya njia.

Daima utakuwa nasi, Dorkasi. Utusamehe.